Salem na mvi za mzee wetu: nani alikuwa anaogopa nini ndani ya The Crucible?

#1 Binti Barani

Assalaam aleikum wanabaraza, na wengine wote hamjambo.

Jumamosi iliyopita tumemaliza kusoma kwa sauti tamthilia ya Arthur Miller iitwayo The Crucible, mimi na vijana kumi na mmoja, chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba yetu hapa Barani, Malindi. Ilituchukua wiki sita. Nakala zilikuwa tatu, kwa hiyo kila sehemu nilianza kuwaeleza kwa Kiswahili, kisha wakagawana wahusika na kuyasema maneno kwa ndimi zao wenyewe. Siku ya mwisho kijana aliyecheza Danforth, naibu gavana anayeongoza mahakama, alifunga kitabu akasema, "Dada, hawa watu walipandwa na wazimu." Wenziwe wakaitikia. Mimi nilishindwa kuitikia, na tangu siku ile jambo hili limenikaa rohoni.

Nasema hivi: katika Salem ya Miller sioni mwendawazimu. Naona watu wenye hofu, na kila mmoja ana hofu yake mwenyewe, hofu ya kitu unachoweza kukitaja: fimbo, kazi, shamba, watoto waliokufa, sahihi iliyokwisha kutiwa. Halafu siku moja wote wanagundua kwamba mlango wa kutokea ni mmoja. Taja jina la mwenzako, utapita.

Kwa ambao hawajaisoma: ni mwaka 1692, kijiji cha Salem, Massachusetts, enzi za ukoloni wa Waingereza. Wasichana wamecheza ngoma usiku msituni pamoja na Tituba, mtumwa aliyetolewa Barbados na kasisi Parris. Parris amewafuma. Asubuhi binti yake Betty amelala haamki, na tayari sebule ya chini imejaa watu wanaonong'ona uchawi.

Sasa mtazame Abigail, mpwa wa kasisi. Anaogopa nini pale mwanzo? Anaogopa kuchapwa. Basi. Kucheza msituni kwa Wapuritani wale, Wakristo wakali wa dini, lilikuwa kosa, na yeye huko alikuwa na siri kubwa zaidi: alikunywa damu ili mke wa mkulima John Proctor afe, kwa sababu aliwahi kulala na Proctor wakati ni mtumishi nyumbani kwao. Hofu yake ni ya mtoto aliyevunja mtungi akatafuta wa kumsingizia. Ndivyo jambo lote lilivyoanza, na watu walinyongwa.

Na Parris je? Huyu ni kasisi wa tatu kuletwa kijijini katika miaka saba. Anasema wazi kwamba hataki kufukuzwa kama paka. Mshahara wake ni paundi 66 kwa mwaka, zikiwemo 6 za kuni, naye anabishana na waumini juu ya hizo kuni na kudai hati ya nyumba iandikwe jina lake. Mtu wa namna hii akisikia uchawi umeingia nyumbani kwake, cha kwanza kumjia ni maadui zake watakavyoitumia habari hiyo. Mtoto wake amelala pale kitandani, naye anahesabu maadui.

Naendelea chini. Nipeni nafasi kidogo.

#2 Binti Barani

Kuna kipande kimoja tulikirudia mara nne, nacho ndicho naomba mkisome kwa makini. Ni Tituba anapohojiwa.

Tituba hana mtu. Ni mtumwa, ugenini, amezungukwa na wanaume wenye nguvu. Parris anamwambia akiri au atamchapa mpaka afe. Thomas Putnam, tajiri wa ardhi pale kijijini, anasema huyu anyongwe. Kasisi Hale, aliyeitwa kutoka Beverly na mzigo wa vitabu vyake, yeye anatumia upole: anamshika mkono, anamuuliza kama Shetani alipomjia aliwahi kuja na mtu mwingine, mtu wa hapa kijijini anayemjua.

Hapo ndipo Putnam anapoingilia. Sarah Good? Uliwahi kumwona Sarah Good? Au Osburn?

Tituba bado hajataja mtu. Majina yametoka kwa muulizaji. Kitambo kidogo baadaye, akiambiwa yeye ni chombo cha Mungu cha kusafishia kijiji, Tituba anayataja majina yaleyale mawili, Good na Osburn, na mke wa Putnam anapaza sauti kwamba alijua tu, kwani Osburn alikuwa mkunga wake mara tatu na watoto wakafa mikononi mwake.

Mwaona? Mtu ameuliza swali lenye jibu ndani yake, amejibiwa kwa jibu lake mwenyewe, na amelipokea kama ushahidi.

Msichana aliyecheza Tituba ana miaka 17. Mara ya kwanza alisoma kama anaghani shairi. Mara ya tatu nilimwambia kijana wa Putnam asimame nyuma yake kabisa, karibu na sikio. Alipofika kwenye majina, sauti yake ikapotea. Alisema baadaye, "Dada, nilikuwa natafuta jina la kumpa ili aondoke nyuma yangu."

#3 Mwalimu Mstaafu

Mwanangu Binti Barani, wa aleikum salaam. Uzi wako nimeusoma mara mbili. Nilifundisha fasihi miaka mingi, na naomba nitie chumvi kidogo upande wa historia, kwa sababu vijana wakicheza mchezo huu wajue Miller alikata wapi na kushona wapi.

Mchezo ulionyeshwa mara ya kwanza New York, tarehe 22 Januari 1953. Wakati ule Marekani ilikuwa inasaka wakomunisti. Seneta Joseph McCarthy alikuwa akipunga karatasi na kusema ana orodha, na kamati ya bunge ilikuwa ikiwaita waandishi, waigizaji na walimu na kuwauliza swali lilelile la Putnam: nani mwingine alikuwepo? Aliyetaja majina alirudi kazini. Aliyekataa alikosa riziki.

Miller mwenyewe aliitwa mwaka 1956, miaka mitatu baada ya mchezo. Alikubali kusema habari zake mwenyewe, akakataa kutaja watu aliokutana nao. Mwaka 1957 alipatikana na hatia ya kudharau bunge, na mwaka 1958 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu ile. Yaani maneno aliyompa Proctor kinywani 1953, mwaka 1956 ilimbidi ayaishi yeye.

La pili: mapenzi ya Abigail na Proctor ni ya Miller. Abigail wa kweli alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12, na Proctor alikuwa mtu wa makamo ya miaka 60. Waliokufa ni wa kweli. Watu 19 walinyongwa, Giles Corey alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa, na wengine walifia gerezani. Gavana William Phips aliivunja mahakama ile Oktoba 1692. Mwaka 1697 jaji mmoja, Samuel Sewall, alisimama kanisani huku maombi yake ya radhi yakisomwa mbele ya watu. Jina la mwisho kusafishwa kisheria lilikuwa la Elizabeth Johnson, mwaka 2022. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

#4 Binti Barani

Shikamoo Mwalimu, na ahsante sana. Kuhusu mapenzi, mimi naona Miller alihitaji Proctor awe na kosa la kweli. Proctor angekuwa msafi, tungemlilia tu. Kwa kuwa amekosa, anaogopa na yeye: akimfichua Abigail lazima ajifichue mwenyewe, naye anakawia kwa sababu anaogopa aibu. Siku anazokawia ndizo siku ambazo mkewe anakuja kukamatwa, kwa mwanasesere wa kitambaa mwenye sindano tumboni. Hofu ya mtu mwema nayo ina gharama yake, na vijana wangu walikuwa wanaipita bila kuiona.

#5 Seremala wa Maweni

Mimi si msomi wa tamthilia, Dada, ila huyo Giles Corey amenigusa. Kwa nini walimwekea mawe? Alitaja nani?

#6 Binti Barani

Kaka Seremala, hakutaja mtu, ndiyo maana.

Giles ni mzee wa miaka themanini na kitu, mkaidi, mpenda kesi. Kosa lake la kwanza ni la mdomo. Hale alipofika kijijini na vitabu vyake, Giles alimuuliza kwa udadisi tu: mke wangu Martha anasomasoma vitabu vya ajabu, na usiku ule akisoma mimi nashindwa kusali, maana yake nini? Martha akafunga kitabu, Giles akaweza kusali tena. Ni maneno ya barazani, ya mtu aliyepata msomi wa kumuuliza. Lakini hewa ilikuwa imeshabadilika. Martha akakamatwa. Na mshitaki wake ni jirani aliyenunua nguruwe kwake miaka minne mitano nyuma, nguruwe akafa, akadai pesa zake, na Martha akamjibu kwamba kama hajui kulisha nguruwe hatafuga wengi. Jibu la dukani miaka mingi iliyopita, leo limekuwa laana.

Giles akaja mahakamani na jambo zito. Anadai Putnam alimfundisha bintiye amtaje mzee George Jacobs kuwa mchawi, kwa sababu Jacobs akinyongwa ardhi yake inataifishwa, na pale kijijini mwenye pesa ya kuinunua ni Putnam peke yake. Ana shahidi aliyesikia kwa masikio yake. Danforth anamwambia, mtaje huyo shahidi.

Giles anakataa. Ameshaona kilichotokea alipotaja jina la mkewe mara moja.

Mwisho wake tunausikia kwa Elizabeth Proctor akimsimulia mumewe gerezani. Giles hakujibu shitaka, si ndiyo wala si hapana, kwa sababu angekana wangemnyonga na mali yake kupigwa mnada, na alitaka shamba liende kwa wanawe. Wakampangia mawe kifuani ili aseme. Alisema neno moja tu, waongeze uzito.

#7 Kijana wa Ganda

Dada, nakuheshimu, lakini mnatuletea tamthilia ya Wazungu ili mtuambie wachawi hawapo. Wapo. Bibi yangu mzaa mama aliuguzwa miaka miwili na mtu wa karibu, tunamjua. Huyo Miller hajakaa Ganda.

#8 Binti Barani

Mdogo wangu, pole kwa bibi, Mungu amrehemu kama ameshatangulia. Sitabishana nawe kama uchawi upo au haupo. Rebecca Nurse mwenyewe, yule mama mwenye watoto kumi na mmoja na wajukuu ishirini na sita ambaye wote tulimpenda, hasemi Shetani hayupo. Anasema tusimkimbilie. Amekaa na watoto wengi, anajua mtoto anaweza kulala siku nzima kwa hila tu akaamka na njaa.

Swali ni jingine. Umemjuaje? Kuna hotuba ya Danforth nimewasomea vijana mara nyingi mpaka wameikariri. Anasema, kwa maneno yangu: uchawi ni kosa lisiloonekana, kwa hiyo mashahidi ni wawili tu, mchawi na aliyelogwa. Mchawi hatajishitaki. Basi tumebaki na aliyelogwa, na yeye yuko hapa analia mbele yetu. Isikilize hotuba hiyo polepole. Imenyooka kabisa, haina panapovuja, na kwa hotuba hiyo hakuna binadamu duniani anayeweza kujitetea. Ukileta mashahidi tisini na mmoja wa tabia njema, kama alivyofanya Francis Nurse kwa ajili ya mkewe, hao tisini na mmoja nao wanaandikiwa waje wahojiwe.

Ndiyo nikasema Danforth si mwendawazimu. Ni mwanasheria hodari. Naye ana hofu, tena hofu yake ndiyo iliyoua wengi zaidi. Kufikia sehemu ya nne watu kumi na wawili wameshanyongwa kwa sahihi yake. Hale anamwomba asogeze siku za waliobaki. Anakataa, kwa hoja kwamba akiwasamehe hawa, watu watauliza kuhusu wale kumi na wawili. Anaua saba wengine ili wale kumi na wawili wasiwe wamekufa bure. Hofu ya kukiri kosa, basi.

#9 Mpemba wa Shela

Mimi nimeolewa hapa Malindi lakini kwetu ni Pemba. Mwaka 1995 nilikuwa mtoto wa darasa la tatu ilipozuka habari ya Popobawa, yule pepo aliyesemwa anawavamia watu usiku majumbani. Watu wazima, wenye akili zao, wenye mashamba ya karafuu, walikuwa wanalala nje. Tulitandika majamvi uani, familia nne tano pamoja, moto unawaka katikati, wanaume wanasoma Kurani kwa zamu.

Nalikumbuka jambo moja. Ilisemwa kwamba aliyetokewa lazima awasimulie wenziwe, asiposimulia atarudiwa. Basi kila asubuhi kisimani kulikuwa na masimulizi. Na ambaye hana la kusimulia alianza kutazamwa, mbona yeye haguswi? Mama yangu siku ya tatu alisimulia. Juzijuzi tu, akiwa mzee, ameniambia hakuona kitu usiku ule. Aliogopa kuwa peke yake asiyeona.

#10 Binti Barani

Dada wa Pemba, umeandika mistari michache lakini ni Mary Warren mzima.

Mary ni mtumishi wa kina Proctor, msichana mwoga, ndiye pekee aliyekubali kuiambia mahakama kwamba yeye na wenzake walikuwa wanajifanya. Kasisi Parris anamwambia, basi kama ni kujifanya, zimia sasa hivi tuone. Hawezi. Anasema zamani aliwasikia wenzake wakipiga kelele, na watu wazima wakionekana kuamini, naye akadhani ameona mizuka, lakini hakuona. Ni yale ya mama yako kisimani.

Kisha Abigail anatazama juu darini na kusema kuna ndege pale, na ndege huyo ni Mary. Wasichana wote wanaanza kurudia kila neno analosema Mary. Anasema "Abby, acha," wanasema "Abby, acha." Anasema "niko hapa," wanasema "niko hapa."

Sisi tulilifanya chini ya mwarobaini saa kumi na moja jioni. Vijana tisa wakimrudia mmoja. Kwenye kitabu ni kama ukurasa na nusu, lakini ukiwa ndani yake hauishi. Jirani wawili walitoka kutazama kuna nini. Msichana wa Mary alianza akicheka, maana alijua ni mchezo, na sisi sote tulijua. Kufika dakika ya pili machozi yalikuwa yanamtoka, akakimbilia upande wa wenzake, akamnyooshea Proctor kidole kabla sijampa ishara. Nikawasimamisha, nikampa maji. Nikamuuliza aliwaza nini. Akasema, "Nilitaka wanyamaze tu."

#11 Mwalimu Mstaafu

Niongeze moja kwa Kijana wa Ganda, kwa upendo. Sheria yetu ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyotungwa na mkoloni na ambayo imekaa nasi muda wote huu, inamtia hatiani anayejidai mchawi, na pia anayemwita mwenzake mchawi pasipo kupeleka shitaka kwa wenye mamlaka. Watu wengi wanajua nusu ya kwanza tu.

Na Kaya Godoma kule Ganze kuna wazee walioitwa wachawi wakakimbia makwao, wanaishi kama wakimbizi ndani ya kaunti yao wenyewe. Wengi kisa chao kina shamba ndani.

#12 Seremala wa Maweni

Je, na yale ya Shakahola 2023? Hiyo nayo si hofu?

#13 Binti Barani

Kaka, miili zaidi ya mia nne ilifukuliwa msituni mle, na wapo wanaosoma hapa waliopoteza watu. Ni hofu, ndiyo, lakini ile ilikuwa ya mtu kujinyima mwenyewe na wanawe chakula kwa kuamriwa na mhubiri. Hii ninayoizungumza inamtafuta jirani. Sitaki kuzichanganya kwa haraka. Tuiachie uzi wake.

Niseme kilichonifanya nichague kitabu hiki, kwa sababu Mwalimu amekwisha kuutaja mlango wenyewe, yaani shamba.

Kuna mzee tunayeishi naye jirani. Mtaa siutaji wala ukoo. Ni mkulima wa mnazi na mkorosho, mtu wa maneno machache, akipita ananung'unika peke yake kwa sababu meno yameisha na amezoea kujisemea. Mwaka uliopita mtoto wa mpwa wake alikufa kwa homa. Mpwa huyo na mzee walikuwa na mvutano wa kugawana shamba kwa muda mrefu. Wiki moja baada ya matanga, kwenye kundi la simu la ukoo ukaingia ujumbe bila jina, kwamba mwenye mvi ajichunge. Baadaye mmoja akapendekeza wazee waitwe, apelekwe kwenye kiapo cha kumpima mtu kama ana hatia, cha shoka au cha papai. Hakuna aliyemwita mchawi. Neno lenyewe halikutumika hata mara moja.

Jioni moja mzee akaja kwetu na pakiti mbili za piko aliyonunua duka la pembeni. Anataka nimpake nywele. Nilidhani ana harusi. Nikamkalisha kigodani, nikamtandikia kanga kuukuu mabegani, nikakoroga piko kwenye kifuniko cha kopo. Nilikuwa na mswaki wa zamani, nikawa nachukua shungi kwa shungi kuanzia kisogoni. Nywele za mzee ni chache na laini kama pamba, ngozi inaonekana chini yake. Tone moja lilimtiririka nyuma ya sikio, akalifuta upesi kwa kidole, ikabaki alama nyeusi ambayo hatukuweza kuitoa hata kwa limau. Nilipofika kwenye nyusi nikamwambia, hizi tuache, babu, piko ikiingia machoni itakuumiza. Akanishika mkono. "Usiache hata mmoja, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nafanya nini.

Osburn kwenye tamthilia ni ombaomba. Aliomba mkate mlangoni kwa kina Proctor, akanyimwa, akaondoka akinung'unika. Mary Warren mahakamani akakumbuka ghafla kwamba baada ya manung'uniko yale tumbo lilimuuma siku mbili. Wakamuuliza Osburn alikuwa anasema nini kila akinung'unika. Akasema anasoma amri kumi. Wakamwambia azisome. Hakuweza hata moja.

Kila nikisoma kipande hicho nasikia yule mzee akipita njiani na maneno yake yasiyosikika.

#14 Kijana wa Ganda

Dada, nimesoma. Sijabadilisha nilichosema kuhusu bibi. Ila nakuuliza kweli: ningekuwa mle mahakamani na watu wangu wote wamesimama upande mmoja, ningefanya nini? Maana Proctor alikufa. Kwa nini hakusema uongo mmoja tu akarudi kwa watoto?

#15 Binti Barani

Nakushukuru kwa kuuliza hivyo.

Alisema. Watu wengi husahau. Asubuhi ya kunyongwa Proctor anakiri kwamba alimwona Shetani, ni uongo na kila mtu mle chumbani anajua ni uongo, hata Hale anayemsihi aseme. Alitaka kuishi. Mkewe ana mimba. Miller hamlaumu hata kidogo, nami simlaumu.

Kisha wakataka mawili zaidi. Kwanza, alimwona nani pamoja na Shetani? Alimwona Rebecca Nurse? Akasema hapana, dhambi zake atazisema zake, za wengine si zake kuzisema. Pili, atie sahihi, na karatasi ibandikwe mlangoni mwa kanisa. Sahihi alitia. Karatasi akakataa kuitoa. Danforth hamwelewi kabisa: umeshakiri mbele yetu, karatasi ina nini? Proctor anajibu kwamba ni jina lake, na hatapata jingine maishani. Kisha anaichana.

Mimi huiona hivi. Uongo wa kujiokoa peke yake aliuweza. Karatasi ile mlangoni ingewaua wengine, kwa kuwa Rebecca na wenzake walikuwa wanapelekwa kunyongwa asubuhi ileile kwa kukataa kusema hivyo hivyo. Jina lake lingekuwa kama lile la Sarah Good mdomoni mwa Putnam.

Jina la tamthilia lenyewe ni chombo cha kuyeyushia madini, kile chungu kidogo cha sonara anachotia fedha mpaka inakuwa maji na taka zinapanda juu. Waliowahi kukaa dukani kwa sonara, Lamu au Mombasa, wanajua moto unavyopulizwa. Fedha haiulizwi kama iko tayari.

Ungefanya nini? Sijui, mdogo wangu. Mimi kwenye lile kundi la simu nilisoma ujumbe, kwa kuwa shemeji yangu ni wa ukoo ule na alinionyesha. Nikamrudishia simu yake. Sikumwambia aandike kitu.

#16 Seremala wa Maweni

Mzee yuko salama?

#17 Binti Barani

Yuko, alhamdulillahi. Mwanawe wa kike alikuja kutoka Mombasa na mzee mmoja wa msikiti, wakakaa na mpwa siku nzima kuanzia asubuhi. Suala la shamba liko kwa msajili wa ardhi sasa, ambako ndiko lilipostahili tangu mwanzo.

Jumamosi ile ya mwisho alikuja kusikiliza. Alikaa kwenye mkeka nyuma ya vijana, kofia kichwani. Piko imeshaanza kuondoka, mvi zimerudi kwenye mashina. Kiingereza hajui, lakini alikuwa anafuata Kiswahili cha vijana neno kwa neno. Tulipomaliza na wao wakaanza kusema ni wazimu, yeye aliniita pembeni akaniuliza:

"Yule aliyetaka mashamba. Aliyapata?"

Nikamsomea maneno machache ambayo Miller ameyaweka baada ya mchezo kwisha. Anaandika kwamba baadhi ya mashamba ya waliouawa yaliachwa yakawa magofu, na kwa zaidi ya miaka mia hakuna aliyetaka kuyanunua wala kuishi humo.

Mzee akauliza miaka mia ni vizazi vingapi. Nikamwambia vitatu, vinne. Akatikisa kichwa, akavua kofia akajikuna, akaivaa tena.

Mwezi ujao, inshallah, tunataka kucheza kipande cha Tituba na kile cha ndege mbele ya watu wa mtaa, papa hapa chini ya mwarobaini. Mwalimu, nitahitaji macho yako kwenye tafsiri, hasa hotuba ya Danforth, isinilegee.

#18 Mwalimu Mstaafu

Lete tafsiri Alhamisi baada ya alasiri. Nitakuwa nyumbani.

#19 Seremala wa Maweni

Viti mnavyo? Nina mabenchi manne ya mvule yamekaa tu kiwandani. Nitayaleta kwa mkokoteni. Huyo kijana wa Putnam mpeni sehemu ya kusimama iliyoinuka kidogo, watu wa nyuma wamwone akilitamka lile jina.

#20 Kijana wa Ganda

Nami nitakuja. Kama bado hamna wa kucheza Giles Corey, naomba mnifikirie.